Miombo, mkaa na maji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu utafiti wa misitu Tanzania

Maswali haya huulizwa kwenye mikutano ya vijiji, madarasani na vijiweni kila linapozuka suala la misitu. Majibu yamelenga zaidi miombo, kwa sababu ndiyo iliyotanda sehemu kubwa ya Tanzania Bara na ndiyo inayosahaulika kuliko yote: watalii hawaiendei, na picha za kalenda hupigwa Kilimanjaro. Pale utafiti unapopingana na tulivyozoea kusema, tumefuata utafiti.

Miombo ni misitu ya namna gani?

Ni misitu ya ukanda wenye masika moja na kiangazi kirefu, ambapo miti haikubanana sana na chini yake nyasi huota. Ukisafiri kutoka Morogoro kwenda Mikumi, au ukipita Tabora, Sikonge, Mpanda, Songea, Liwale na Kilwa, umepita ndani yake. Miti inayotawala ni ya jamii za Brachystegia na Julbernardia, ile ambayo wenyeji wa maeneo mbalimbali huita muyombo, mtundu au mtondoro. Humo humo ndimo wanamopatikana mninga, mkongo na mpingo.

Miombo haiishii Tanzania. Inashuka Zambia, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, inaingia Angola na kusini mwa Kongo. Mwaka 2022 nchi 11 za kusini mwa Afrika zilitia saini Azimio la Maputo kuhusu kuitunza, na Tanzania ni mojawapo.

Anayeiona mwezi Agosti, mikavu na ina majivu ya moto, hudhani ni pori lililokufa. Arudi Septemba au Oktoba, kabla ya tone la kwanza la mvua: majani mapya yanatoka mekundu kama shaba. Miti hiyo haisubiri mvua, huchota maji na chakula vilivyohifadhiwa kwenye shina na mizizi.

Nani anafanya utafiti wa misitu hapa nchini?

Taasisi ya Utafiti wa Misitu Tanzania, TAFORI, iliundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1980 na makao yake yako Morogoro. Lakini kazi yenyewe ni ya zamani zaidi. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo Amani, Usambara Mashariki, mwaka 1902, na kituo cha utafiti wa ukuzaji miti kilifunguliwa Lushoto mwaka 1951. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, SUA, nacho kina walimu na wanafunzi wanaopima miti kila msimu, hasa katika msitu wa Kitulangalo kando ya barabara kuu ya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Madereva wengi hupita hapo wakidhani ni pori tu.

Amani inatufundisha jambo moja ambalo halijazungumzwa vya kutosha: utafiti nao unaweza kuacha madhara. Bustani ya kituo kile ilileta miti kutoka pande zote za dunia kuijaribu, na baadhi haikukubali kubaki bustanini. Mti wa Maesopsis, unaokua haraka, ulisambaa ndani ya msitu wa asili wa Usambara Mashariki, ukisaidiwa na ndege wanaokula matunda yake, na watafiti wa leo bado wanahangaika nao.

Tuna misitu kiasi gani, na nani aliihesabu?

Tathmini ya kitaifa iliyojulikana kwa jina la NAFORMA ilifanya kazi hiyo kuanzia mwaka 2009, na matokeo yake yakachapishwa 2015. Timu zilikwenda nchi nzima zikipima viwanja vya mfano zaidi ya 30,000. Kila kiwanja ni duara. Miti mikubwa hupimwa mpaka mita 15 kutoka katikati, midogo hupimwa karibu zaidi. Hupimwa kipenyo kwenye kimo cha kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, aina ya mti, visiki, na hata udongo sehemu nyingine.

Jibu lilikuwa hekta milioni 48.1, zaidi kidogo ya nusu ya eneo la Tanzania Bara. Zaidi ya tisa ya kumi ya hizo ni misitu ya wazi, na nyingi kati yake ni miombo. Kwa hiyo mtu akisema "misitu ya Tanzania" huku akifikiria msitu mnene wenye ukungu na mbega, anazungumzia kipande kidogo sana.

Kuhusu upotevu: takwimu ambazo Tanzania iliwasilisha Umoja wa Mataifa zinaonyesha takribani hekta 469,000 kila mwaka kati ya 2002 na 2013.

Si ni mkaa unaomaliza misitu?

Hili ndilo swali ambalo jibu lake watu hawalipendi. Mkaa unaonekana. Magunia yamejipanga barabarani, lori linapita usiku, picha ya tanuru inafuka moshi. Na ni kweli kwamba Dar es Salaam peke yake imekuwa ikila takribani nusu ya mkaa wote wa nchi. Kwa hiyo ni rahisi kumnyooshea kidole mchoma mkaa, ambaye mara nyingi ni mtu maskini asiye na wa kumsemea.

Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulifanya jambo ambalo lilipaswa kufanywa zamani. Watafiti walichagua kwa bahati nasibu maeneo 119 yaliyopoteza misitu kati ya 2010 na 2017, wakaenda kila eneo kwa miguu, wakatazama kilichopo na kuwauliza wenyeji kilichotokea. Dalili za kilimo zilikutwa kwenye asilimia 89 ya maeneo, malisho asilimia 69, mkaa asilimia 35. Wenyeji walipoulizwa sababu kuu, kilimo kilitajwa kwenye asilimia 81 ya maeneo, mkaa kwenye asilimia 12, na mbao asilimia 1.

Tazama tena namba hizo. Mkaa upo, mara nyingi ndani ya shamba lile lile: mtu anafyeka kwa ajili ya mahindi au ufuta, na badala ya kuchoma magogo yote, anapika mkaa kwanza apate pesa ya mbegu. Ukimkataza mkaa peke yake, shamba bado litafyekwa na miti itaungua bure.

Hii haina maana kwamba mkaa hauna lawama. Karibu na miji na kando ya barabara kuu, hapo ambapo kila mti unakatwa na kukatwa tena kabla haujakua, mkaa ni tatizo halisi. Lakini kama taifa tumeweka nguvu nyingi kwenye gunia na kidogo mno kwenye jembe. Nje ya hifadhi, hakuna kanuni iliyo wazi inayozuia msitu kugeuzwa shamba, na afisa kilimo hupewa sifa kwa ekari zilizoongezeka bila kuulizwa zimetoka wapi.

Marufuku ya kuni na mkaa kwenye taasisi inasaidia misitu?

Tangu Januari 2024 taasisi zinazolisha zaidi ya watu 100 zimetakiwa kuacha kuni na mkaa, na mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034. Faida iliyo wazi zaidi ni kwa mapafu ya wapishi na macho ya akina mama, na hiyo peke yake inatosha kuwa sababu. Kwa misitu, soma jibu lililotangulia.

Mti wa miombo ukikatwa, umekufa?

Kwa kawaida, hapana. Hapa ndipo miombo inapotofautiana na msitu wa milimani, na ndipo utafiti wa Kitulangalo na kwingineko ulipofundisha mengi.

Miti mingi ya miombo huchipua kutoka kwenye kisiki na kwenye mizizi. Ukikata na kuondoka, usilime, usiruhusu moto wa Oktoba, baada ya msimu mmoja utaona vichipukizi vimejaa, vingine vimezidi kimo cha mtoto. Vitashindana, vichache vitashinda, na msitu utarudi, ingawa mpangilio wa aina za miti unaweza kubadilika. Ukilima misimu mingi kwa trekta, ukang'oa visiki na mizizi, ule uwezo unaondoka. Mbegu peke yake haitoshi, kwa kuwa mbegu za miti mingi ya miombo hazisafiri mbali na hazikai ardhini muda mrefu.

Mninga una tabia ya pekee. Mche wake huota mvua zikianza, halafu kiangazi kikija sehemu ya juu hukauka na kufa. Mwaka unaofuata unachipua tena, na unakufa tena. Mambo huendelea hivyo kwa miaka kadhaa huku mzizi ukinenepa kimyakimya chini, mpaka siku ambayo mche una akiba ya kutosha kuruka juu ya urefu wa moto. Mtu aliyepanda mninga akaona umekauka akaung'oa, huenda aling'oa mti uliokuwa mzima.

Basi mkaa endelevu unawezekana?

Unawezekana, na umejaribiwa Kilosa, mkoani Morogoro, tangu mwaka 2012. Kijiji kinatenga sehemu ya msitu wake kwa ajili ya mkaa na kuigawa vitalu vya mita 50 kwa 50. Vitalu vinavunwa kwa mtindo wa bao la drafti: kimoja kinavunwa, cha jirani kinaachwa, ili mbegu na kivuli visikosekane. Kitalu kilichovunwa kinapumzishwa miaka 24. Miti ya mbao na iliyo kando ya mito haiguswi. Mchoma mkaa analipa ushuru kijijini na kupewa kibali, na pesa hizo zimejenga madarasa na zahanati na kulipia bima ya afya.

Ugumu uko pawili. Kwanza, mkaa unaolipiwa ushuru unashindana sokoni na mkaa usiolipiwa chochote. Pili, miaka 24 ni mirefu kuliko uhai wa uongozi wowote wa kijiji, na hakuna aliyeona bado mzunguko mzima ukikamilika. Vipimo vya miaka ya mwanzo vinaonyesha vichipukizi vinarudi vizuri mahali ambapo mifugo na moto havikuingia. Mahali vilipoingia, ni hadithi nyingine.

Tanuru nayo ni muhimu. Tanuru ya kawaida ya udongo hutoa kilo moja ya mkaa kwa kilo tano hadi kumi za kuni. Tofauti kati ya tano na kumi ni ukaushaji wa magogo, upangaji wake na bomba la moshi. Ni nusu ya msitu hiyo.

Misitu huleta mvua na kutunza vyanzo vya maji, sivyo?

Tuchukue kimoja kimoja, kwa sababu kuna mambo matatu yamefungwa kwenye sentensi moja: wingi wa maji vijitoni, udongo unaoyafyonza, na mvua yenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, watafiti wa shirika la Afrika Mashariki la utafiti wa kilimo na misitu, lililokuwa na makao Muguga karibu na Nairobi, walichagua mabonde mawili madogo kwenye milima ya Mbeya. Moja lilikuwa na msitu wa asili usioguswa. Jingine lilikuwa limelimwa na wakulima wadogo, kwenye mteremko mkali. Wakapima mvua iliyoingia na maji yaliyotoka kwenye vijito kwa takribani miaka kumi. Kila mtu alitarajia kijito cha mashambani kikauke kiangazi.

Hakikukauka. Bonde lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi kuliko la msitu, tena hata wakati wa kiangazi. Mmomonyoko nao ulikuwa mdogo kuliko ilivyohofiwa.

Sababu? Miti hunywa. Mizizi yake mirefu huvuta maji kutoka chini sana na kuyarudisha hewani kupitia majani, na sehemu ya mvua hukaukia juu ya majani bila hata kugusa ardhi. Mahindi hayafanyi hivyo kwa kiwango hicho, na baada ya mavuno hayapo kabisa. Halafu udongo wa Mbeya unatokana na majivu ya volkano, unafyonza maji upesi, kwa hiyo hata ulipolimwa mvua iliendelea kuzama badala ya kutiririka juu.

Hapo ndipo penye siri. Udongo wa Uluguru si ule. Mahali ambapo udongo unagandamizwa na jembe, kwato na matone ya mvua, maji hayazami tena. Yanashuka yote kwa siku moja yakiwa na matope, na kiangazi hakuna kilichobaki chini cha kulisha kijito. Wakazi wa Dar es Salaam wanaokunywa maji ya mto Ruvu, unaoanzia Uluguru, wana kila sababu ya kuutaka msitu ule ubaki, na sababu kubwa ni udongo unaofyonza na maji yasiyo na tope. Juu kabisa milimani kuna nyongeza: matawi yenye kuvumwani huchuja ukungu na kudondosha maji ambayo kipimo cha mvua kilichowekwa uwanjani hakiyaoni.

Kuhusu mvua yenyewe: maji ambayo msitu unayarudisha hewani hayapotei, hunyesha mahali fulani, mara nyingi mbali kufuata upepo. Kwa misitu mikubwa kama ya bonde la Kongo mchango huo ni mkubwa. Kwa msitu wa kijiji wa hekta mia mbili, usimwambie mwananchi kwamba ukiuhifadhi mvua itaongezeka shambani kwake. Isipoongezeka atakuona mwongo, na hatakusikiliza ukija kumweleza habari ya udongo, ambayo ni ya kweli.

Mikaratusi inakausha chemchemi?

Ikipandwa kwenye chemchemi au kingo za mto, inaweza, kwa sababu hukua haraka na chochote kinachokua haraka hunywa sana. Ikipandwa mbali na maji, kwenye ardhi iliyochoka, kwa ajili ya nguzo na kuni, si mti mbaya. Tatizo ni mahali ilipopandwa.

Kuchoma moto msituni ni kosa siku zote?

Mwaka 1933 watafiti wa misitu huko Ndola, kaskazini mwa Zambia ya leo, waligawa miombo katika viwanja. Vingine vilichomwa kila mwaka mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu. Vingine vilichomwa mwishoni mwa kiangazi, kila kitu kikiwa kikavu. Vingine havikuchomwa kabisa. Vikaachwa hivyo kwa miongo.

Viwanja vya moto wa mwisho wa kiangazi vilibaki nyasi na vichaka, miti karibu yote ikatoweka. Vya moto wa mapema vilibaki miombo. Ambavyo havikuchomwa vilianza kujifunga, vikaingia mimea ya kutambaa na miti isiyopukutisha majani. Maana yake moto wa Juni na moto wa Oktoba ni vitu viwili tofauti, na kinachoamua ni nyasi zimekauka kiasi gani siku ile. Kuchoma mapema, kwa mpango, ni chombo cha kazi cha maofisa misitu na wafugaji wa nyuki. Moto kichaa wa mwindaji wa panya mwezi wa kumi ndio unaoua miche.

Wengi hudhani kukataza moto kabisa ndiyo njia bora. Kwenye miombo, nyasi za miaka mitatu zilizorundikana hungoja cheche moja tu.

Hewa ukaa inapimwaje, na pesa zake zinatoka wapi?

Karibu nusu ya uzito wa mti mkavu ni kaboni. Kwa hiyo ukijua uzito wa mti, unajua kaboni. Shida ni kwamba huwezi kupima mti uliosimama kwenye mizani. Watafiti wa SUA walikata miti ya ukubwa mbalimbali, wakaipima vipande vipande, wakachimba na mizizi yake, kisha wakatengeneza hesabu inayounganisha kipenyo na uzito. Leo mwanakijiji mwenye futi ya kupimia anaweza kuzunguka kiwanja na kupata takwimu inayokubalika, na majaribio ya Kitulangalo yalionyesha kwamba wanakijiji waliofundishwa hupima vizuri.

Kwenye miombo, udongo mara nyingi una kaboni nyingi kuliko miti iliyo juu yake. Ndiyo sababu kulima kunaumiza kuliko kukata.

Pesa hutoka kwa makampuni na watu, wengi wao wa nje, wanaonunua tani za hewa ukaa ambazo zisingeepukwa bila kijiji kulinda msitu. Wahadzabe wa bonde la Yaeda, wilayani Mbulu, walikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini. Mradi mwingine mkubwa uko wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, ambapo vijiji vinane vinavyozunguka milima ya Ntakata vimepokea mabilioni ya shilingi na kujenga shule na zahanati. Nchi ilitoa kanuni za biashara hii mwaka 2022, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo SUA.

Kabla ya kusaini, kijiji kiulize mambo machache: mkataba ni wa miaka mingapi, mgao wa kijiji unahesabiwa kwa bei ya kuuzia au baada ya kutoa gharama, na bei ikishuka nani anabeba hasara. Anayekuja akisema "saini leo, wenzenu wameshasaini" mpe chai, mwache aende.

Kuna mahali msitu uliokwisha umerudi?

Shinyanga. Wengi wa umri fulani wanakumbuka ilivyokuwa. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilifyeka misitu kwa wingi ili kuua mbung'o, kisha pamba ikaja, mifugo ikaongezeka, na kufikia miaka ya 1980 sehemu kubwa ilikuwa uwanda mtupu wenye upepo na vumbi. Akina mama walitembea mbali kutafuta kuni, wengine wakapikia kinyesi cha ng'ombe.

Mwaka 1986 ulianza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, uliodumu hadi 2004. Mwanzoni walifanya kama miradi mingine: vitalu vya miche na miti ya kigeni. Matokeo yalikuwa ya wastani. Mambo yalibadilika walipogeukia kitu ambacho Wasukuma walikuwa nacho tayari: ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa msimu wa mvua ili nyasi na vichaka vikue, kisha kufunguliwa kiangazi kinapokaza. Ukifunga ng'ombe nje, visiki na mizizi iliyokuwa imelala chini huchipua. Hakuna aliyehitaji kununua miche.

Sheria hazikuandikwa mjini. Mikutano ya jadi ya dagashida ilipanga adhabu na sungusungu wakalinda. Mwaka 1986 ngitili zilizojulikana zilikuwa kama hekta 600. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimezidi hekta 300,000 katika mamia ya vijiji. Watafiti waliopima faida, kuanzia kuni, dawa, nyasi za kuezekea na asali hadi maji na malisho, walikadiria dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati matumizi ya kawaida ya mwananchi wa kijijini nchini yalikuwa dola 8.50.

Tusipake rangi. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi alipata ngitili yake binafsi, na asiye na kitu alinunua nyasi kwake. Ngitili za jumuiya na za binafsi hazikuwafaidisha watu sawa, na utafiti ule ule ulilisema hilo.

Mpingo una thamani gani?

Huzama majini, ni mweusi ndani, na huchukua miaka 70 au zaidi kufikia ukubwa wa kuvunwa. Vinyago vya Wamakonde hutokana nao, na klarineti na obo za wapiga muziki wa Ulaya pia. Kwa miaka mingi kijiji kilipata shilingi za kuhesabu huku gogo likienda kuuzwa ghali. Vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, vilisimamia misitu yao vyenyewe na mwaka 2009 vikapata cheti cha kimataifa cha FSC cha usimamizi bora wa misitu, cha kwanza barani Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na jamii.

Msitu una faida gani bila kukata mti?

Asali, hasa Tabora na Katavi. Uyoga wa masika, unaoota kwa sababu kuvu wake wanaishi na mizizi ya miombo: kata miti na uyoga huo utapotea. Dawa, kamba, nyasi, matunda. Vingi havionekani kwenye takwimu za uchumi kwa kuwa huliwa nyumbani.

Na hasara?

Zipo. Mbung'o, tembo wanaokula mahindi, nguruwe pori, ardhi ambayo kijana asiye na shamba anaiona imekaa tu. Mhifadhi asiyetaja haya hatasikilizwa na mtu aliyelala na debe la kufukuzia tembo.

Tupande miti, au tuache iote?

Inategemea unataka nini. Kwa mbao na nguzo, panda: misindano ya Sao Hill huko Mufindi na mitiki ya Longuza, Muheza, zinapunguza shinikizo kwa misitu ya asili. Lakini kwa kurudisha miombo, mahali penye visiki vilivyo hai, kuacha ni rahisi zaidi na matokeo ni bora zaidi: chagua vichipukizi viwili au vitatu vilivyonyooka kwa kila kisiki, punguza vingine, zuia moto wa Oktoba. Kazi hii haipigwi picha na mgeni rasmi, ndiyo sababu inapewa bajeti kidogo.

Kijiji kinaweza kumiliki msitu?

Ndiyo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002 vinaruhusu kijiji kutenga msitu wa hifadhi kwenye ardhi yake. Duru-Haitemba, Babati, walianza kabla hata ya sheria hizo, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hatua ni mpaka unaokubalika na vijiji jirani, mpango wa matumizi ya ardhi, kamati ya maliasili, mpango wa usimamizi na sheria ndogo, vyote vikipitishwa na mkutano mkuu wa kijiji. Mapato ya msitu huo ni ya kijiji. Kinachochelewesha mara nyingi ni mpaka, kwa hiyo anzeni nao.

Mtafiti akija kijijini kwetu, tumuulize nini?

Kibali chake kwanza: mtafiti kutoka nje anatakiwa awe na kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na yeyote awe na barua ya halmashauri. Kisha muulizeni anapima nini, miti au udongo wowote unaondoka kwenda wapi, na matokeo yatarudi lini, kwa Kiswahili. Mpeni mzee anayejua majina ya miti kwa kilugha na alipwe kama wasaidizi wengine, kwa kuwa bila yeye nusu ya orodha itakuwa na makosa. Mwisho, nakala ya ramani ya viwanja vilivyopimwa ibaki ofisi ya kijiji, ikionyesha alama kila kiwanja kilipo, ili atakayekuja baada ya miaka kumi apime miti ile ile.